Matoka Mchangani

Mbwa alikuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimesimulia habari hizi nikianza na ndege, na kila nikianza na ndege najikuta nimegeuka mtu mwema.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Sagana, miaka michache baada ya uhuru. Nilizaliwa magharibi, nikaletwa huku kwa barua ya serikali yenye mistari mitatu, na Kikikuyu sikujua zaidi ya salamu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, karibu na njia ya reli, kwenye ploti ndogo yenye vyumba vitatu vya mbao na jiko la nje. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita mwarimu, kwa ile r ya huku ambayo mchana kutwa niliwasahihisha wanafunzi wangu, na jioni nikaipokea kwa heshima pamoja na kikombe cha chai. Tuliongea Kiswahili, changu cha chuo cha ualimu na chake cha sokoni, alikouza vitunguu na majani ya sukuma. Tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na watu wengi wa lugha yangu.

Mbwa niliachiwa na mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa Kerugoya. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mwenye masikio yaliyosimama na njaa isiyokwisha. Jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, nilishuka naye mtoni. Kuanzia Januari hadi Machi, mvua ikiwa mbali, mto ule hupungua na kuacha ulimi mrefu wa mchanga na kokoto. Wanawake walifulia kwenye ncha ya ulimi ule, malori ya mchanga yalisimama upande wa juu, na sehemu ya katikati nilijiona nimepewa mimi na mbwa wangu. Nilimfungua kamba, akakimbia hadi ulimi wake ukaning'inia, nami nikafurahi kumwona anafurahi. Sikuona ubaya wowote. Mchanga ulikuwa mchanga tu.

Mama ndiye aliyemwona ndege kwanza, alipokwenda kuchota maji.

"Mwarimu," aliniambia jioni hiyo, "kuna ndege ametaga pale kwa mchanga. Mayai mbili. Funga mbwa yako."

"Kwenye mchanga wazi? Hana kiota?"

"Hana. Amechimba kidogo tu na kifua, akaweka hapo chini. Mimi karibu nikanyage."

Kesho yake alinipeleka. Tulisimama mbali, akanyoosha kidole, na mimi mwenye macho ya kuona kosa la herufi moja kutoka mwisho wa darasa sikuona kitu ila kokoto. Aliyejitokeza ni ndege mwenyewe. Alikuwa mdogo, angetosha kwenye kiganja. Mgongo wake rangi ya mchanga mbichi, kifua cheupe kimefungwa mikanda miwili myeusi, na jicho limezungukwa na duara jekundu kama la mtu aliyetoka kulia. Alikimbia mbele yetu akiburuta bawa moja. Nikasikitika nikasema ameumia, tumfuate.

"Ati ameumia!" Mama alicheka. "Anatudanganya tumfuate, tuache mayai. Huyo ako sawa kuriko wewe."

Nilimfunga mbwa siku mbili. Siku ya tatu alilia na kukwaruza mlango, nikamhurumia. Nilijiambia kwamba tutapita upande wa malori, kwamba atasikia nikimwita. Alisikia, ndiyo, lakini alipokuja alikuwa anajilamba mdomo, na nyuma yake ndege alikuwa akikimbia huku na huku juu ya mchanga akitoa sauti nyembamba isiyo na kituo.

Nilimwambia Mama mimi mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameniona nikishuka. Alikuwa amechuchumaa jikoni, anachochea moto. Nilitarajia anigombeze, na ningeona afadhali. Aliweka ukuni mwingine.

"Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoroni," alisema, "sisi tulitolewa kwa mashamba tukawekwa kijiji moja, tumefinyana. Watoto tuliraza chini hivyo hivyo. Na askari wanapita katikati na mbwa."

Aliinua sufuria, akaniwekea chakula changu kama kawaida. Nilikula huku uso ukiniwaka kwa aibu.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka mtoni akitembea kwa kasi isiyo yake. "Amerudia," alisema. "Mayai mbili tena. Si mbari na pale pa kwanza."

Februari ilikuwa inakwisha. Mvua za masika zingefika wakati wowote baada ya katikati ya Machi, na zikifika, mto ungepanda na kuuchukua ulimi wote wa mchanga. Ndege yule alihitaji karibu mwezi mzima, siku tulizokuwa nazo zilikuwa hizo hizo, na hakungekuwa na mara ya tatu. Mayai yale mawili ndiyo yaliyobaki ya mwaka mzima. Mama alilijua hilo na mimi nililijua, na tulijua pia ni nani aliyeyapoteza ya kwanza.

Nilinunua mnyororo. Mbwa alifungwa kwenye mti wa mparachichi, akalia hadi sauti ikamkauka, na safari hii sikumhurumia. Lakini mbwa wangu hakuwa mbwa pekee mjini. Kulikuwa na mbwa wa sokoni, mbuzi wanaokatiza kwenda majini, wafuaji wenye mabeseni kichwani wasioona wanapokanyaga, wapakiaji mchanga wakija kuoga. Kila jioni nilikwenda kuchungulia nikiwa mbali, na kila jioni nilikuta nyayo mpya karibu zaidi na mayai. Nilikonda. Nilianza kuwachapa wanafunzi kwa makosa ambayo zamani niliyacheka.

Hapo ndipo nilipokumbuka matoka.

Nyuma ya jiko la Mama kulikuwa na mashina manne ya ua fulani, majani yake marefu kama ya kitunguu kikubwa, na mizizi yake kitunguu kweli, cha ukubwa wa ngumi. Itoka ndilo jina lake huku. Yakiwa mengi ni matoka. Mama alinieleza habari zake jioni moja mwanzoni kabisa mwa kukaa kwangu. Watu wa milimani waliyatumia kuonyesha mpaka wa shamba, kwa sababu tunguu la itoka halifi upesi. Ukichoma nyasi, ukilima juu yake, litachipua tu. Shamba la mume wake lilikuwa juu huko upande wa Nyeri, na matoka yake yalipandwa na baba mkwe. Mume akawekwa kizuizini. Yeye akawekwa kijijini. Wakati huo huo mashamba yakapimwa upya na mistari ikachorwa na waliokuwepo. Mume alipotoka, alikuta shamba ni la mtu mwingine na matoka yametupwa kando ya barabara. Hakuishi sana baada ya hapo. Mama aliokota matunguu manne, akayatia ndani ya kiondo, akashuka nayo hadi Sagana.

"Matoka mtu haruki," alimalizia. "Na haing'olewi. Mwenye kung'oa mpaka ya mwingine anaraaniwa, yeye na watoto yake."

Katika habari yote ile ndefu, nililochukua mimi ni neno moja tu: mtu haruki.

Jumapili moja Mama akiwa bado kanisani, nilichukua jembe nikayachimbua yote manne. Nilifunika mashimo kwa majani makavu. Nilijiambia kwamba ninaazima tu, kwamba vifaranga wakishatoka nitayarudisha kabla hajayatafuta. Nilishuka mtoni yakiwa ndani ya mfuko wa madaftari na kuyapanda kwenye pembe nne kuzunguka mayai, hatua sita kila upande, haraka haraka, jasho likinitoka, ili ndege asikae nje muda mrefu. Kisha nikarudi hadi kwenye ukingo na kungoja. Ndege akaja mbio, akasimama, akakimbia tena, akasimama, halafu akainama juu ya mayai yake na kutulia. Majani marefu ya kijani yalisimama pembe nne za mchanga ule mweupe, yakionekana hata kutoka darajani. Nilijiona nina akili sana. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyejisamehe.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, msichana mmoja wa darasa langu alikuja mezani.

"Mwalimu, kuna mtu amepima shamba mtoni. Watu wamejaa."

"Wamevuka ndani?" niliuliza.

Alinitazama kwa mshangao. "Hapana, mwalimu. Nani anaweza kuvuka?"

Nikacheka moyoni. Nilimwambia akakae. Nilifundisha hesabu, nikafundisha jiografia. Nilichora ramani ya Kenya ubaoni bila kutazama kitabu, mito yote, Sagana ikiingia Tana mahali pake hasa. Sikutoka hadi kengele ya chakula. Majuto ni mjukuu; yangu mimi yana saa kamili, kati ya saa nne na saa saba, na sijapata njia ya kuyapunguza.

Nilipofika ukingoni niliona duara la watu. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wafuaji, wapakiaji mchanga, wenye maduka, hata wazee waliotembea kutoka ng'ambo ya daraja. Walikuwa wamesimama kuzunguka matoka yangu, vidole vya miguu vikikaribia mstari ambao haukuchorwa, na hakuna hata mmoja aliyevuka. Walikuwa wakibishana. Mzee wa kijiji alikuwa na daftari mkononi. Msimamizi wa malori alikuwa akipiga kelele kwamba mtu anataka kufunga njia ya mchanga ili awatoze. Mwanamke mmoja alisema nguo zitafuliwa wapi. Mwingine, mtu mzima mwenye koti jeusi juani, alikuwa akirudia neno moja: "Nani amegawa mto? Nani?" Alikuwa akitetemeka.

Nilielewa papo hapo, na nilikuwa nimechelewa. Katika nchi ambayo kipimo cha shamba kilimfanya huyu tajiri na yule mpangaji, nilikuwa nimetangaza kwa lugha yao wenyewe kwamba mto una mwenyewe. Mimi niliona ua. Wao waliona yale yaliyowapata.

Na katikati ya duara lile, kwenye mchanga uliochoma kupitia soli ya kiatu, yalilala mayai mawili peke yake.

Ndege alikuwa kwenye maji. Alikimbia kuelekea kwa watu, akakuta miguu, akarudi. Aliburuta bawa lake mbele yao, kwanza upande huu, halafu upande ule, na hapakuwa na hata mmoja wa kumfuata, kwa sababu hapakuwa na aliyemwona. Siku zote hizo nilikuwa nimehofia miguu na meno. Sikujua kwamba jua la saa sita linatosha, kwamba ndege yule hukaa juu ya mayai mchana si kuyapa joto bali kuyapa kivuli. Walikuwa wamesimama pale tangu saa tatu asubuhi.

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema: ni mimi, ni kwa ajili ya ndege, nendeni. Sikusema. Niliogopa. Niliona mwalimu mgeni kutoka mbali akikiri kwamba amepanda mpaka kwenye ardhi ya watu hawa, nikaona lile koti jeusi linalotetemeka. Nimewahi kujitetea kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Hata mtoto wa darasa la nne anajua kusema ni mimi.

Wakati huo Mama alifika. Walikuwa wametuma mtu sokoni kumwita, kwa maana mji mzima ulijua ni nani mwenye matoka nyuma ya jiko lake. Alikuja na aproni yake ya kuuzia, na watu wakampisha.

"Ni yako?" mzee wa kijiji alimuuliza kwa Kikikuyu, hata mimi nilielewa.

Mama alitazama pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akatazama mayai. Akamtazama ndege kule kwenye maji. Mwisho akanitazama mimi, nikiwa nimesimama nyuma ya watu na chaki kwenye mikono. Hakukawia. Macho yake yalipita juu yangu kana kwamba ni mtu asiyemjua.

"Ni yangu," alisema.

Akavua viatu. Akavuka mstari. Niliwasikia watu wakivuta pumzi. Alikwenda pembe ya kwanza, akachuchumaa, akashika majani kwa mikono miwili, akang'oa. Mtu mmoja alisema neno kwa sauti ya chini, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akafunika mdomo. Alikwenda pembe ya pili. Hakuharakisha wala hakutazama mtu. Alipong'oa la nne alikung'uta mchanga kwenye mizizi, taratibu, jinsi alivyokuwa akikung'uta udongo wa vitunguu vyake vya sokoni, akayatia yote ndani ya aproni.

Alisema kwa Kikikuyu, kisha akasema tena kwa Kiswahili, na najua kilikuwa kwa ajili yangu. "Hapa hakuna mpaka. Mto si ya mtu. Kira mtu aende kwake. Aende saa hii."

Waliondoka. Wengine walicheka, kicheko kile cha watu walioogopa. Yule mwenye koti jeusi aliondoka wa mwisho, akimtazama Mama kwa jicho ambalo sikulielewa wakati huo. Sasa nadhani ilikuwa huruma.

Tulipanda ukingo sote wawili. Tulipofika juu tukageuka. Ndege alikuwa ameshafika kwenye mayai. Alisimama juu yake, mbawa zimetengana kidogo na mwili, mdomo wazi kwa joto.

"Mama," nilisema, "sikutaka mtu avuke."

"Hawakuvuka," alisema. "Walisimama tu."

Halafu, tukikaribia njia ya reli: "Ulichukua bira kuuliza."

Niliomba msamaha. Niliomba kwa Kiswahili changu chote cha chuo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudi shule, watoto wananingoja.

Ndege alilalia mayai yale siku zote zilizobaki. Tulihesabu, na siku zikafika, na zikapita. Alikuwa bado amelala pale, asubuhi na jioni, juu ya vitu viwili visivyo na uhai, hadi mvua ikanyesha kule milimani na mto ukapanda. Nilimwona siku ile maji yalipofika. Aliyangoja hadi yakamgusa tumbo ndipo akaruka. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sioni haya kulisema.

Mama hakuyapanda matoka tena. Aliyatia ndani ya mfuko wa sisali, akautundika kwenye paa la jiko, juu ya moshi. Nilimwomba aniruhusu niyapande mimi, nikamwonyesha kwamba mashimo bado yapo.

"Mara ya kwanza iring'olewa na watu," alisema. "Mara ya piri nimeng'oa mimi. Sasa basi."

Kulikuwa na watu mjini ambao tangu siku ile hawakununua vitunguu kwake. Mtu aliyeng'oa matoka, hata yake mwenyewe, si mtu wa kushikana naye mikono. Hakuwahi kuwaambia ni kwa nini. Hakuwahi kunitaja. Mimi nami niliendelea kukaa kwake, nikimsaidia kubeba mizigo yake, na wema wake ulinilemea kuliko gunia.

Mwaka uliofuata, mchanga ulipojitokeza, ndege alirudi. Sijui kama ni yule yule. Mama alisema ni yeye, na sikubishana.

Safari ile hatukuweka alama yoyote. Mbwa alibaki kwenye mnyororo. Mama alihamishia kazi zake kwenye jiwe moja juu ya ukingo, mbali, mahali njia ya mtoni inapogawanyika. Asubuhi kabla ya soko alikaa pale akisuka kiondo, na jioni tulikaa sote, mimi na madaftari yangu. Mtu akija, Mama alimsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, akamwomba apitie upande wa juu. Hakutoa sababu. Kuna waliopita upande wa juu kwa sababu walimheshimu, na kuna waliopita kwa sababu walimwogopa. Mmoja wao alikuwa yule mwenye koti jeusi. Alisimama, akamtazama kwa muda, akavua kofia, akazunguka.

Jioni moja ya Machi, Mama aliweka kiondo chini.

"Wametoka," alisema.

Nilisimama. Kule chini, kandokando ya ndege, niliona vitu viwili vidogo vinavyosogea na kusimama, kusogea na kusimama, rangi yake mchanga mtupu. Kutoka pale juu havikuwa na uso wala miguu. Mwaka mzima nilikuwa nimeungoja wakati ule. Nilitaka kuviona. Nilipiga hatua moja kuteremka, halafu ya pili.

Mkono ukanishika sketi kwa nyuma.

"Kaa chini, mwarimu."

Nikakaa.